Njiwa Hawakuja Kwenye Mtama Wangu

Naona aibu kuieleza hii, lakini jirani yangu Mama Kalondu ameshaifikisha hadi soko la Kithyoko, na kila akiieleza inazidi kurefuka, kwa hivyo bora mnisikie mimi mwenyewe.

Kwetu Kivaa mtama hupandwa ardhi ikiwa bado kavu. Watu hufukia mbegu kwenye vumbi, wakanyamaza, na mvua ikija inazikuta pale zikiisubiri. Mimi mwaka jana niliamua mvua inyeshe kwanza, kwa sababu nilikuwa naandika riwaya na nilikuwa nimefika mahali pazuri mno, na mvua ilipokuja nikakaa dirishani nikiiandika (harufu ya udongo peke yake ilinichukua kurasa sita), nikaja kushika jembe wiki tatu baadaye. Basi wenzangu walipokuwa wanavuna, shamba langu lilikuwa limesimama kijani kibichi katikati ya mabua yao yaliyokatwa, limependeza kwa kweli, kama mtu aliyevaa suti siku moja baada ya harusi.

Ndiyo siku aliyochagua baba yake Mwende kunitembelea. Mwende ni msichana ninayetaka kumuoa, na baba yake alikuwa ameapa hapokei mbuzi wangu hata mmoja kabla ya kuliona shamba langu kwa macho yake. Alisimama ukingoni, akatazama kwa Mama Kalondu ambako akina mama walikuwa wanapura mtama kwa fimbo, akatazama kwangu, akaniuliza mtama huu una ugonjwa gani.

Ningesema tu nilichelewa, tungekunywa chai yakaisha. Badala yake mdomo wangu ukasema nilichelewa makusudi. Nikamweleza (na nilivyozidi kueleza ndivyo nilivyozidi kujiamini) kwamba watu wakishavuna, njiwa wa porini hukosa chakula, wote wanahamia kwenye shamba lililobaki, nami nawapiga kwa manati, nyama kila siku bila kununua.

Mzee akafurahi kuliko nilivyotarajia. Kumbe ujanani alikuwa mwindaji wa njiwa. Akaniambia, "Basi leta manati, kijana. Leo tunakula njiwa."

Tukachutama ndani ya mtama, mimi na mtu ninayetaka awe baba mkwe wangu, magoti yakigusana, kwa muda ambao ugali ungepikwa na kuliwa. Hakuja njiwa hata mmoja. Walikuwa kwa Mama Kalondu, kundi zima, wakitembea kati ya mabua wakiokota punje zilizodondoka, wanene, hawana haraka. Mzee akaninong'oneza kwamba njiwa ni ndege wa chini, hana haja ya kuparamia shuke, tena shuke lenyewe bado lina maziwa. Anakula kilichoanguka, na kilichoanguka kiko kwa aliyevuna. Alilijua hilo tangu tulipochutama. Alitaka tu kuona nitaukalia uongo wangu kwa muda gani.

Hapo pia ningeweza kukiri. Nikasimama, nikavuta manati, nikalenga njiwa aliyekuwa ametua kwenye mgunga wa Mama Kalondu, na jiwe likampita njiwa likaenda kupiga mzinga wa nyuki uliokuwa umening'inia tawi la nyuma yake.

Mngurumo uliotoka mle ndani sitaki kuuelezea kishairi. Akina mama wakatupa fimbo, mzee akatimua mbio kofia mkononi, mimi nyuma yake nikimwomba msamaha mgongoni, tukaishia jikoni kwa Mama Kalondu, watu wanane kwenye moshi wa kuni mbichi, mlango umefungwa. Mimi nyuki alinidunga mdomo wa juu. Mzee alidungwa sikio.

Akaniangalia kwa jicho moja, lingine likitoka machozi ya moshi. "Sasa niambie ukweli. Kwa nini ulichelewa kupanda?"

"Nilikuwa naandika kitabu, mzee."

"Kitabu cha nini?"

Nikajibu, kwa mdomo ulioumuka kama andazi, "Cha mvua."

Mama Kalondu akasema polepole, "Mvua iko nje, na wewe uko ndani unaiandika," na jiko zima likaangua kicheko, mzee akiwa wa kwanza, sikio amelishika.

Mzee hakuwakataa mbuzi wangu. Alisema wataendelea kula kwangu mpaka nipande shamba lake yeye, kavu, kabla wingu halijaonekana, naye atakuwa ameketi kwenye kiti akinitazama. Nimemaliza Jumamosi iliyopita, ekari mbili, vumbi hadi kwenye kope, na hakuinuka hata mara moja isipokuwa kunionyesha mstari uliopinda. Mvua sijui inakuja lini. Lakini nimeapa sitauita tena uvivu wangu mpango, na mtu akija kuniuliza habari za njiwa nitamwambia sijui, aulize aliyevuna.