Mashine ya Kutotolesha na Kifua cha Mama

Asubuhi ile umeme ulirudi Kamachumu kwa kishindo, ukaunguza saketi ya mashine yangu ya kutotolesha vifaranga. Ndani mlikuwa na mayai ya mwisho ya kuku wa madoadoa aliyebebwa na kicheche. Mama alimpenda kuku yule kupita kiasi. Mayai alinipa kwa shingo upande, baada ya mimi kujigamba kwamba binti yake, fundi wa elektroniki wa Bukoba mjini, ana kuku wa umeme asiyechoka wala kudonoa watu.

Sasa kuku wa umeme alikuwa ananuka moshi. Mama hakunigombeza. Aliyachukua mayai, akayapanga kifuani ndani ya blauzi, akajifunga kitenge, akaketi karibu na jiko akiwa amenyooka utadhani anapigwa picha ya harusi.

"Nenda katengeneze," alisema. "Ila usinichekeshe. Nikicheka, yatapasuka."

Hapo ndipo balaa lilipoanza, maana mama yangu ni mtu wa kucheka.

Nilikuwa nimekuja likizo na bodi tupu ya shaba, dawa ya kuila hiyo shaba, vipuri vya akiba na oskiloskopu yangu ya mtumba, kile kifaa chenye kioo kinachouchora umeme kama mstari. Naipenda mno, niliipakata njia nzima kutoka Bukoba. Kilichokosekana ni mchoro wa saketi kwenye karatasi, niupige pasi juu ya bodi ili wino uhamie kwenye shaba. Mchoro huo huchapishwa umegeuzwa, kama unavyoonekana kwenye kioo, ili ukihama ukae sawa. Niliutuma kwa simu kwa mwenye steshenari ya pale senta, baba mmoja mpole, nikakimbilia karatasi, nikaipiga pasi ya mkaa, nikaichovya bodi kwenye dawa huku naimba. Ilipotoka iking'aa, nikasoma jina langu nililoliandika pembeni. Lilikuwa limekaa kinyume. Bodi nzima ilikuwa kinyume.

Nikampigia simu.

"Ee, dada, maandishi yako yalikuwa yamegeuka," akasema kwa furaha. "Nimekunyooshea. Nikasema nisikuache uaibike."

Wema hauozi, wanasema, lakini ule uliniozea mkononi. Nilipomsimulia mama, midomo ilianza kumtetemeka.

"Mwanangu, nyamaza," alinong'ona, machozi yakimlengalenga. "Nakuomba. Nyamaza."

Karatasi nyingine ilikuwepo senta, lakini bodi nyingine ya shaba sikuwa nayo. Basi nikafanya jambo ambalo lingenifukuzisha kwenye karakana yoyote: vipuri vyote nikavipachika upande wa shaba, badala ya upande wa pili vinapostahili kukaa. Kilichogeuka kikageuka tena, kikawa sawa. Nililehemu huku nimeuma ulimi, nikawasha. Taa nyekundu ikawaka, joto likaanza kupanda. Nilicheza pale jikoni peke yangu, na mama akafumba macho asinione.

Kisha nikasikia: pii, pii.

Ilikuwa kengele niliyoiweka ilie joto likizidi, nikadhani. Lakini kipimajoto kilionyesha joto la kawaida. Nikagusisha ncha za oskiloskopu kwenye kengele. Mstari ukalala tuli, hakuna umeme unaopita. Pii, pii. Nikaichomoa kabisa, nikaishika kiganjani, haina hata waya. Pii.

"Mama, hii kengele inalia bila umeme!"

Mama alikuwa anatazama chini, kwenye kitenge chake.

"Mawe!" alishangaa polepole kwa Kihaya. "Kinanidonoa."

Alifungua kitenge kwa vidole viwili. Kichwa kilichoroa kilichungulia, ganda bado limemkaa kifaranga kisogoni. Nilipiga yowe. Mama aliinamisha kichwa kwa heshima, namna tunavyompokea mgeni mlangoni, akamkaribisha, "Nyegera waitu."

Nikayapokea mayai yaliyobaki upesi, nikayalaza ndani ya mashine iliyokwishapata joto. Ndipo mama akajiachia. Alicheka mpaka akashika ukuta, nami nikacheka mpaka nikakaa sakafuni, mpaka jirani akavuka migomba kuja kuuliza ni nani aliyefika.

Mama alimwonyesha kifaranga kiganjani mwake.

"Ni kuku wangu," alisema. "Amerudi."