Ufunuo wa Mume Wangu

Wazo la safari lilikuwa la mume wangu, na nalisema mapema ili lisije likawekwa juu yangu pia. Alikuwa ameona kwenye simu wazungu wawili, mtu na mkewe, wakizunguka miji ya pwani na mabegi mgongoni, leo wamelala kwa watawa, kesho kwenye kambi ya maombi, na kila picha wanacheka. Bahari iko mbali nasi, akasema, lakini mto tunao. Tulikuwa na miaka minne ya ndoa bila mtoto. Dada zake walikuwa wanakuja kwetu, mtaa wa Tshopo, bila kubisha hodi, wakinitazama tumbo kabla ya kunisalimia. Ningekubali kwenda popote.

Bandarini Kisangani walitucheka. Kwetu anayebeba mzigo mgongoni ni mwanamke atokaye shambani au mtu anayekimbia vita. Baba mmoja mwenye baleinière, ile mashua kubwa ya mbao yenye injini, alimwuliza mume wangu, "Bon, unakimbia nani, na bibi yako unamupeleka wapi?" Mume wangu akamjibu kwamba tunatembea tu. Wakacheka zaidi. Mimi nilikuwa na furaha ya kijinga, hata kamba za begi zilizonikata mabega sikuzilalamikia.

Yangambi masista walitulaza vyumba mbalimbali, kwa sababu hatukubeba cheti cha ndoa. Isangi tulipokewa na familia ya Kiislamu, ya wale ambao mababu zao walikuja na misafara ya biashara. Tukasikiliza dhikri alasiri ya Alhamisi, na mama mwenye nyumba akanifunga mtandio kwa mikono yake. Kote huko mume wangu alinishika mkono mbele za watu, jambo ambalo mjini hathubutu. Nililainika. Siku tulipoondoka Isangi, tukiwa tumekaa juu ya magunia ya mihogo mikavu, nikamwambia nisichowahi kumwambia mtu isipokuwa marehemu mama yangu. Kabla ya kuolewa naye nilipata mimba ya mwanaume mwingine. Mtoto alitoka mwezi wa tano, hakupumua.

Aliniuliza mwanaume ni nani. Nikasema amekufa.

Huo ulikuwa uongo. Yule mtu yuko Lubunga, ng'ambo ya mto mjini kwetu, ana mke na watoto, anatengeneza baiskeli. Nilimwua kwa neno moja ili mume wangu awe na amani, na nadhani hata huyo fundi mwenyewe asingekasirika. Mume wangu akanifungulia chikwange, mkate wa muhogo wa kwenye majani, akasema hayo yatabaki kwetu wawili. Nililia kwa shukrani. Nikikumbuka machozi yale naona haya hadi leo.

Mahali pa tatu palikuwa jumuiya ndogo ya maombi, kona chache za mto chini ya Isangi, watu wa nguo nyeupe na miguu mitupu. Desturi yao ni kwamba mgeni anayetaka ufunuo hufunga siku mbili bila kula wala kutamka neno, na mwenzake humsemea kwa wapokeaji, wale wanaopokea maono. Nikakubali. Nilikaa kimya kwenye banda la wanawake, na mume wangu akanisemea. Nilidhani anawaambia tumetoka wapi na kwamba kichwa kinaniuma. Alikaa nao asubuhi nzima, nami nikamwonea huruma kwa kuchoka kwa ajili yangu.

Siku ya tatu, baada ya nyimbo, mama nabii, mkubwa wa wapokeaji hao, aliniita mbele. Alikuwa mtu mpole, mwenye umri wa mama yangu. Akaniwekea mkono kichwani. "Mwanangu, ulikuwaka na mimba mbele ya kujua huyu bwana. Mutoto hakufika."

Niliamini. Niliamini kwa mwili wote kwamba Mungu amenitazama mimi, na nilikuwa tayari kubaki pale maisha yangu yote nikifagia ua wao.

"Ule mwanaume asha kufa," akaendelea. "Roho yake iko inashika tumbo yako. Inakataza mutoto mwingine."

Mungu ninayemjua angekuwa na habari za yule fundi wa Lubunga. Niliinua kichwa nikamtafuta mume wangu. Alikuwa katika safu ya wanaume, macho amefumba, akisema amina kabla mama hajamaliza sentensi. Kwenye benchi la wanawake walikaa wawili wanaouza sokoni kwetu Tshopo, wakinitazama bila kupepesa. Siri yangu ingefika nyumbani kabla yangu.

Sikumkabili mume wangu siku ile, maana kusema nabii amekosea ni kukiri kwamba nami nilidanganya. Tulipanda mto siku mbili kurudi nyumbani, naye akipanga jinsi ya kuifukuza roho ya mtu yule. Mapaa ya Lubunga yalipotokea upande wa kulia, uvumilivu ukaniishia.

"Ni weye ulimwambia ule mama."

"Nilikusemea tu. Njo coutume, njo desturi yao. Nilitaka akusaidie."

"Mbele ya watu yote?"

"Mbele ya watu ni Mungu alisema. Si miye."

"Mungu hakusema kitu. Ule mwanaume hakufa. Iko pale Lubunga, anatengenezaka vélo."

Nilimngoja. Nilikuwa tayari kuomba msamaha kwa uongo wangu, mradi yeye aanze na wa kwake. Alivuta begi lake katikati ya miguu, akatazama ng'ambo, wanawake walipokuwa wanafua nguo. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya chini, ya adabu kabisa, kama mtu anayeuliza njia:

"Alors. Anaishi wapi, avenue gani?"