Chester Wojtala Atafuta Injini

Katika mitaa ya Wapolandi mjini Toledo, Ohio, gari likianza kulia vibaya watu walisema: mpelekee Chet. Chester Wojtala alikuwa amezeekea kwenye kiwanda cha magari, na alipostaafu hakufungua gereji. Alikuwa na banda nyuma ya nyumba, kiti cha chuma, na sikio. Ulifika, ukafungua boneti, ukaiacha injini ingurume. Yeye aliinamisha kichwa na kufumba macho, kama mtu anayesikiliza majirani wakigombana nyuma ya ukuta. Kisha alisema neno moja: pampu. Au: beringi. Ukienda kufungua, unakuta ni hiyo hiyo.

Gari lake mwenyewe lilikuwa Pontiaki ya mwaka sitini na nane, ya milango miwili, rangi ya kijani, injini ya silinda nane iliyotikisa vikombe kabatini kila ilipowashwa. Alilinunua kabla hajaoa, na mkewe Rosalie alilivumilia kama mke mwenza aliyemtangulia.

Mwezi wa Agosti walikuwa wakitoka kwenye sherehe ya parokia, madirisha wazi, sufuria ya pierogi zilizobaki, zile sambusa za kuchemsha za Kipolandi, mapajani mwa Rosalie.

"Chester, kuna kitu kinagonga."

"Ni barabara hiyo. Wameichimbachimba."

"Sio barabara. Kinagonga mbele."

"Mke wangu, nani fundi hapa?"

Akakanyaga mafuta. Hawakufika mbali. Kilisikika kishindo ambacho hata yeye alikisikia. Gari likajaa harufu ya oili iliyoungua, na nyuma yao barabarani ukachirizika mstari mweusi. Konrodi, mkono wa chuma unaoshika pistoni, ilikuwa imekatika na kutoboa bloku, mwili wenyewe wa injini. Tundu lilitosha kupitisha ngumi. Injini ya namna hiyo hairekebishiki, unatafuta nyingine.

Asubuhi iliyofuata, kwenye mgahawa anakonywea kahawa, aliwaambia wenzake kwamba imekufa ghafla, haikutoa dalili yoyote. Rosalie alikuwepo. Alikoroga kahawa yake isiyo na sukari, akaendelea kuikoroga.

Ndipo kila mwanamume wa mtaa ule akawa na maoni. Wako waliosema afunge injini ya Chevroleti, zimejaa kila mahali na vipuri vyake unavipata hata usingizini. Wengine waliguna: kuweka Chevroleti ndani ya Pontiaki ni kumzika baba yako na suti ya jirani. Virgil Tatum alisubiri mpaka wakabaki wawili bandani. Yeye na Chester walikuwa wamesimama bega kwa bega kiwandani tangu wana nywele.

"Ndugu yangu," Virgil alisema, "chukua hizi mpya. Kule kwenye yadi ya skrapu kuna pikapu imegongwa ubavuni, injini yake haina hata mkwaruzo. Alumini tupu, haina kabureta, nguvu zaidi ya hiyo iliyokufa."

"Injini ya kompyuta."

"Ndiyo, ya kompyuta! Inajiangalia yenyewe. Oili ikipungua, taa inawaka. Kitu kikigonga ndani, kuna kidude kinasikia."

"Kidude kinasikia," Chester alirudia. "Cha nini? Mimi nina masikio."

Virgil alijifuta mikono kwa kitambaa, ingawa haikuwa michafu. "Nasema tu, Chet."

"Unasema nini? Sema wazi."

"Nasema tu."

"Basi kajifungie wewe hiyo friji yako. Mimi natafuta Pontiaki."

Majani yalikuwa yameanza kuanguka alipopata habari za mkulima mmoja, Delbert Riegsecker, magharibi mwa mji kwenye mashamba ya mahindi, mwenye injini ya Pontiaki ya miaka ile ile. Virgil alimpeleka kwa pikapu yake. Waliikuta ghalani, imefungwa juu ya fremu ya vyuma yenye rejeta na tenki dogo la petroli. Delbert, mtu mrefu wa maneno machache, aliunga nyaya za betri.

"Nitaiwasha ili muone wenyewe," alisema. "Sitaki mtu aseme nilimficha kitu."

Injini ikashika. Kuku walitawanyika. Chester akasogea, akainamisha kichwa, akafumba macho kama siku zote. Kifuani alisikia ule mtikisiko alioujua tangu ujana, mzito, wa kutulia, na moyo wake ukafurahi. Akaweka kiganja juu ya kifuniko cha valvu. Alipofumbua macho alikuwa akitabasamu.

"Safi!" alipaza sauti. "Inakwenda kama cherehani!"

Delbert alimtazama Virgil. Virgil alitazama viatu vyake. Mkulima akaizima injini.

"Mzee, unanitania?" Delbert aliuliza, bila kejeli yoyote. "Inagonga. Beringi za chini zimekwisha. Mke wangu anaisikia akiwa jikoni. Ndiyo maana niliiwasha, mjue inahitaji ovaholi, kufunguliwa yote."

Damu ilimpanda Chester usoni mpaka kwenye kipara. Alifungua mdomo aseme kuwa alikuwa akitania, na Virgil, kwa huruma, alikuwa tayari kucheka. Lakini uongo haukutoka. Alishukuru, akaenda kukaa ndani ya pikapu na kufunga mkanda.

Njiani kilichomtesa hakikuwa injini ile tu. Alikuwa akiwakumbuka waliomletea magari mwaka huu, na mwaka jana, na ule uliotangulia. Wangapi aliwaambia ni safi, waende tu? Akamkumbuka Ilona Takacs, muuguzi wa nyumba ya pili, anayeendesha usiku na mtoto wake kiti cha nyuma. Majira ya kuchipua alikuja akisema gurudumu la mbele linavuma. Chester alizunguka naye mtaa mzima na kumwambia ni matairi.

Hakuingia nyumbani kwake. Alimkuta Ilona akitoa mifuko ya soko kwenye buti.

"Binti, lile gurudumu. Usiniamini. Lipeleke gereji leo hii."

Ilona aliweka mfuko chini. "Mzee Chet, nilishalipeleka. Wiki ile ile. Ilikuwa beringi."

"Wiki ile ile? Lakini mwezi uliopita ulikuja tena nikusikilizie breki!"

Mwanamke alisita, akavuta mlango wa buti bila kuufunga. "Mama Rosalie aliniomba. Alituomba sote. Alisema ukikaa bila kuletewa gari utanyong'onyea."

Chester aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa ni saa ngapi.

Rosalie alikuwa jikoni akimenya viazi. Alipomwona mumewe mlangoni alijua, kisu kikasimama.

"Mmekuwa mkiniigizia," alisema Chester. "Mtaa mzima. Mimi nimefumba macho pale kama mpumbavu, nyie mnakonyezana."

"Hakuna aliyekonyeza."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia!" Rosalie aligeuka, na sasa alikuwa akipiga kelele, ili asikike na kwa sababu alitaka kupiga kelele. "Nilikuambia televisheni ilipovuma mpaka kwa jirani, nilikuambia simu ilipolia usiisikie, nilikuambia kanisani ulipomjibu padri jambo ambalo hakuuliza! Nilikuambia garini, Chester. Injini inagonga, ukaniuliza nani fundi!"

Chester alikwenda bandani akavuta mlango. Majirani hawakuja tena na magari yao, kwa kuwa sasa kila mtu alijua kwamba Chester anajua, na kuendelea kuja kungekuwa kumdhihaki. Theluji ilirundikana mbele ya banda na yeye hakuizoa. Mezani mume na mke walipeana chumvi kwa adabu, kama wapangaji.

Mwezi wa Machi, bila kumuaga yeyote, alikodi pikapu na kurudi kwa Delbert. Hakupiga simu, simu zilikuwa zimemshinda.

"Bado ipo?"

"Ipo. Na bado inagonga," alisema mkulima, kwa sauti kubwa, akimtazama usoni.

"Najua. Nitaichukua."

Virgil alipoiona bandani alitikisa kichwa. "Kati ya injini zote za Ohio, umechukua hiyo?"

"Yule mkulima aliniambia ukweli mbele ya uso wangu," Chester alijibu. "Nyie wengine mliniuzia huruma."

Virgil alimeza hilo. Lilimuuma, na lilikuwa na haki ya kumuuma. Baada ya muda akavua koti, na wakaanza kufungua bolti. Majira yote ya kuchipua waliifungua kipande kwa kipande na kuijenga upya, krenki imechongwa, beringi mpya, pistoni mpya. Mikono ya Chester ilikuwa bado na akili yake. Ila Virgil aliweka sharti moja: taa nyekundu kwenye dashibodi, kubwa kama yai, iwake presha ya oili ikishuka. Chester aliifunga mwenyewe.

Alikwenda pia kwa daktari wa masikio, akarudi na vifaa viwili vidogo vya rangi ya ngozi. Siku walipowasha injini alikuwa amevivaa. Virgil alipiga makofi. Rosalie alitoka hadi kwenye ngazi za nyuma. Lakini alichosikia Chester kilikuwa kama vijiko vikimwagwa kwenye karai, vikali na vyembamba, bila ule uzito alioujua. Alimtazama Virgil.

"Iko sawa?"

"Iko sawa kabisa, ndugu yangu."

Alitafuta usoni mwa rafiki yake kama ni kweli, na hakuweza kujua.

Jumapili walitoka, yeye na Rosalie, kuelekea ziwani. Alipovuka daraja la mto alivitoa vile vifaa na kuvitia katika mfuko wa shati. Mtikisiko ukamrudia miguuni na mgongoni, na jicho lake moja likabaki kwenye ile taa. Rosalie aliona. Alisema kitu, akiangalia dirishani. Chester aliitikia kwa kichwa, na hakumwuliza amesema nini.