Begi Lililoingia Jikoni

Nilimwaga mchanga juu ya zipu, na mwenye kibanda akapiga ukelele kana kwamba nimemwagia mchanga sufuria yake ya chakula.

"Madam! Hiyo ni orijino! Unaharibu!"

"Naijaribu," nikamwambia. "Hapa ni Lodwar. Upepo ukianza hautauliza kama ni orijino."

Nikafungua, nikafunga, nikafungua tena. Zipu ikasaga meno, ikakwama katikati, ikagoma kabisa. Nikamrudishia begi lake la manjano. Watu walikuwa wameshaanza kusimama kutazama, na mimi nikiona watu wamesimama ndipo napata nguvu. Nilikuwa nimekuja sokoni na pakiti mbili za unga, kikombe kirefu cha bati na kopo tupu la maziwa. Unga ulisimama badala ya kamera zangu mbili, kikombe na kopo badala ya lenzi. Kamera zenyewe nilizifungia studio, maana ukitoa kamera katika soko lile utapiga watu picha mpaka jua litue na begi hutanunua. Basi kila begi lililonipendeza nililitia unga, nikatia kikombe na kopo, nikalivaa mgongoni na kuruka ruka pale pale njiani.

"Ejok, mama ya picha!" mwanamke anayeuza samaki mkavu akaniita. "Wewe natoroka bwana?"

"Ejok! Natoroka, na unga nimebeba. Nitafutie mwingine huko Kakuma."

Alicheka mpaka akashika mbavu. Mimi nilikuwa na furaha ya mtoto aliyenunuliwa viatu vya Krismasi. Wengine husisimka na nguo, wengine na simu. Mimi ni mabegi, na siku ile nilikuwa na sababu.

Begi la kamera nilikuwa nalo, tena zuri. Jeusi, gumu, limetuna mgongoni kama kobe, jina la kampuni limeandikwa juu yake kwa herufi nene za manjano. Siku nilipolipata nilitembea nalo Lodwar nzima nikijiona mtu wa maana. Wacha wee! Begi lile lilikuwa linanitangulia kila mahali. Nikishuka kwenye bodaboda watoto wananizingira, "Piga mimi! Piga mimi!" Kwenye vizuizi vya barabara ya Kitale nilikuwa naulizwa maswali ambayo mwenye gunia la vitunguu haulizwi. Haya yote niliyavumilia. Lililonishinda ni la Kakuma.

Msichana mmoja wa kambi ya wakimbizi ya huko, wa kutoka Sudan Kusini, alikuwa amenipa kazi ya kupiga picha za harusi yake. Kabla ya siku yenyewe nikaenda naye kuona kanisa na mahali pa sherehe. Tulipokaribia kwao nilisikia kicheko cha mwanamke kutoka nyuma ya ua. Si kicheko cha adabu, hapana, kile cha kukatika pumzi na kuanza upya. Nikatabasamu hata kabla sijamwona mtu. Tukazunguka ua, na hapo nikamwona mama mmoja mrefu ameshika ungo wa mtama, machozi ya kucheka yako mashavuni, majirani zake wawili wameegemeana.

Kisha akaliona begi langu.

Sijawahi kuona uso ukibadilika hivyo. Kicheko kilizimika. Akaweka ungo chini, akavuta leso juu ya kichwa, akaketi mchangani, akatia mkono shavuni na kutazama mbali. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Akatulia pale, ananingoja nimpige picha.

"Mama, inuka, huyu ni wa harusi," binti yake, yule bi harusi, akamwambia, kisha akarudia kwa lugha yao. Mama akatikisa kichwa. Akajibu maneno machache bila kunitazama.

"Anasema nini?" nikauliza.

"Anasema anajua mabegi kama hayo yanataka nini."

Nilikasirika, jamani. Nilikasirikia begi, nikawakasirikia wote waliokuja na mabegi kama lile miaka yote mama huyu akiwa kambini, wakataka njaa yake peke yake, wakaenda zao. Hakuna aliyemtaka akicheka. Na sasa mimi nimesimama palepale waliposimama wao, na mzigo wao mgongoni.

Binti alinisindikiza mpaka barabarani. Baada ya harusi, akaniambia, yeye na mumewe wanasafiri kwenda kukaa ng'ambo, na hajui atamwona mama yake tena lini. Picha za mama alizonazo ni mbili tu, ya kadi ya kambi, na moja iliyopigwa na wageni, mkono shavuni.

"Hata usinipige mimi sana," akasema. "Mimi nitajipiga huko. Nataka moja ya mama anacheka. Ile umesikia. Ukinipatia hiyo, umenipatia harusi."

Nikamwambia nitampatia. Mdomo wangu huwa unaahidi kabla kichwa hakijaitwa kikaoni.

Ndiyo maana nilikuwa sokoni nikiruka ruka na unga mgongoni. Nilitaka begi la mtu yeyote. Begi ambalo mwalimu angelibeba, au nesi, au mama anayekwenda kumwona dada yake. Lakini ndani yake kamera zangu zikae salama kama mayai, zisimezwe na vumbi wala kupikwa na jua. Jeusi sitaki tena, kwanza jeusi na jua la Lodwar ni jiko. La shule lenye katuni nililiacha, kamba zake nyembamba zilikata mabega. Moja kubwa la safari lilikuwa imara, lakini ukitaka kitu cha chini lazima utoe dunia nzima.

"Kizuri chajiuza, madam," mwenye kibanda akaniambia, sasa amechoka na mimi.

"Kibaya chajitembeza," nikamjibu. "Na hilo la manjano umenizungusha nalo tangu nifike."

Akacheka, akainamia robota la mitumba lililokuwa nyuma yake, akavuta kitu. Nikaliona. Moyo ukapiga pu!

Lilikuwa la turubai laini, rangi ya kahawia iliyofifia, karibu sawa na mchanga tuliokuwa tumesimama juu yake. Halina jina, halina alama. Zipu yake ya shaba, meno makubwa, ilizunguka pande tatu, hivyo begi linafunguka kama sanduku na unaona kila kitu kwa mara moja. Kamba pana. Nikamwaga mchanga, nikafungua, nikafunga, ikateleza kama imepakwa mafuta. Nikatia unga, kikombe, kopo. Nikaruka. Hakuna kilichogongana. Nikaliweka chini na likasimama lenyewe, halikuanguka. Nikapiga vigelegele katikati ya soko, haki ya Mungu, na mwenye kibanda akajua bei haitashuka tena.

Jioni nilikata sponji ya godoro kuukuu la mwanangu, nikashona vyumba vya kamera na lenzi, nikavifunika kwa leso mbili ili vumbi lisipenye. Lenzi ndefu niliizungushia kitambaa cha jikoni. Mume wangu akaliangalia begi likiwa limefungwa, akaniuliza, "Sasa hii unaenda kupiga picha ama unaenda kusaga posho?"

Nilimbusu. Hakuelewa amenisifu vipi.

Siku ya harusi nilifika Kakuma asubuhi. Tangu stendi mpaka ndani ya kambi hakuna mtoto aliyenifuata wala mtu aliyeniita. Nilipita kama hewa. Nilishuka kwenye bodaboda mbele ya lango la bi harusi nikiwa najisikia mwizi, kwa raha niliyokuwa nayo.

Langoni alisimama mwanamke mnene aliyevaa sare ya akina mama wa kanisa, anapokea wageni. Baadaye nilijua ni mama mdogo wa bi harusi. Alinishika mkono, akaniuliza habari za njia, akaniuliza habari za watoto. Huku mimi najibu na kujipangusa vumbi machoni, akanivua begi mgongoni kwa upole. Nami nikamwachia! Mimi ni mtu wa Kitale, nimelelewa kwamba mgeni hupokelewa mzigo, na ukiung'ang'ania umemtukana mwenyeji wako. Nikashukuru. Nikasalimia wazee. Nikapewa kiti na soda. Nilipogeuka kulitafuta begi langu, halipo.

"Mzigo wangu uko wapi?" nikamuuliza yule mama.

"Jikoni," akasema kwa fahari. "Mizigo yote ya akina mama iko jikoni. Wanamwaga."

"Wanamwaga nini?"

"Sukari. Unga. Si umeleta?"

Mungu wangu! Akina mama wa kanisa lile hawaendi harusini mikono mitupu. Kila mmoja huja na begi la sukari au unga au majani ya chai, linapokelewa langoni, linapelekwa jikoni na kumwagwa kwenye masufuria ya wote. Na mimi nilizunguka soko zima la Lodwar kutafuta begi linalofanana na yao. Nililipata hasa!

Nilikimbia. Soda niliiacha inamwagika. Nilikatiza katikati ya wazee, nikaruka kamba ya hema, nikafuata moshi. Nilikuwa nawaza kitu kimoja tu, lenzi yangu ndefu ndani ya uji.

Jiko lilikuwa chini ya mabati, masufuria makubwa juu ya mawe, wanawake wengi wamezunguka meza. Juu ya meza, katikati ya vilima vya sukari na unga, begi langu limefunguliwa kwa pande zake tatu. Na nyuma ya meza alisimama mama wa bi harusi, msimamizi wa jiko siku ile, ameishika lenzi yangu ndefu kwa mikono miwili. Alikuwa amekifungua kile kitambaa na sasa anazungusha kifuniko kwa nguvu zake zote, kama mtu anayefungua mtungi wa samli.

"Mama, ngoja!" nikasema.

Kifuniko kikafunguka. Akainama achungulie. Lile jicho kubwa la kioo likamtazama.

"Ya salaam!" akapiga kelele. "Samli iko na macho!"

Jiko zima likaangua kicheko. Mama mwenyewe akaweka lenzi juu ya sukari, akashika meza, akacheka. Ndicho kile kicheko, kile cha nyuma ya ua. Kikamkata pumzi, kikaanza upya. Alipiga meza na unga ukaruka mpaka kwenye nyusi na nywele zake.

Sikumbuki nilivyofika kwenye begi. Nakumbuka kamera iko mkononi, macho yangu yamejaa moshi, kidole kinabonyeza. Nikabonyeza tena. Mama akageuka, akaiona kamera. Nikangoja leso ivutwe na mkono upande shavuni.

Hakuvuta leso. Alinyoosha kidole.

"Wewe! Wewe ni ile mtu ya picha? Wapi begi nyeusi?"

"Nimeiacha Lodwar, mama."

Akamgeukia mdogo wake, aliyekuwa amefika mbio nyuma yangu, akamrushia maneno mengi. Wanawake wakacheka upya. Mmoja akanitafsiria: mama alikuwa amemweka mdogo wake langoni kwa kazi moja tu, aangalie begi jeusi, akiliona aje kumwambia ajifiche kwenye nyumba ya jirani. Na huyo huyo mdogo wake ndiye aliyenivua begi langu, akalileta kwa mikono yake mpaka mezani kwake.

"Adui amebebwa na mlinzi!" nikasema, na mama alipotafsiriwa akacheka tena, nami nikapiga tena. Alikuwa ananitazama moja kwa moja sasa. Aliniruhusu.

Akajipangusa mikono na kuja upande wangu. "Nione," akasema.

Nikamwonyesha ile ya kwanza, kwenye kioo kidogo cha nyuma ya kamera. Kichwa kimerudi nyuma, mdomo wazi, pengo la meno ya chini linaonekana, unga usoni. Nilijivunia picha ile mpaka nilikuwa nacheza cheza miguu.

Mama akaishika kamera. Akaisogeza karibu na macho. Akamwita mdogo wake kwa sauti ya chini, na yule mnene akaja, akaangalia, akajifunika mdomo kwa mkono. Wakaongea wawili wao. Wanawake wengine walikuwa wanatazama sufuria.

"Si nzuri?" nikauliza. Nilianza kuogopa.

"Nzuri," mama akasema. "Lakini hii si mimi." Akagusa unga wa kwenye picha, uliozifanya nywele na nyusi zake zionekane nyeupe. "Hii ni mama yangu. Alikuwa anacheka hivi. Alibaki njia, tukikimbia vita. Picha yake hakuna, hakuna hata moja. Huyu," akamwonyesha mdogo wake, "alikuwa mdogo, alikuwa amesahau sura."

Kamera nikawaachia mikononi. Yule mdogo wake alikuwa bado anaitazama kamera, machozi yanamshuka, anatabasamu.

Nje walianza kupiga ngoma, bi harusi alikuwa anatoka. Mama akafuata lenzi yangu juu ya kilima cha sukari, akaipuliza, akaizungushia kitambaa vizuri, akaiweka mahali pake katika sponji. Kando yake akapachika mfuko wa karanga, kwa sababu kwao begi halirudi bure. Akafunga zipu pande zote tatu na kunivalisha mgongoni.

"Moja mpe binti, aende na mimi," akasema. "Na moja nipe, nikae na mama."