Nyayo Nje ya Kizimba

Kufuli limefungwa. Chui yuko ndani, amelala. Lakini nyayo zake ziko nje, juu ya vumbi nililolifagia jana jioni.

Wajukuu zangu, niliinama nikazikagua moja moja.

Nilikuwa mfagiaji wa bustani ya wanyama, upande wa zamani. Vyuma vimeliwa na kutu, mabwawa makavu, vizimba vitupu. Alibaki chui mmoja mzee, na mlishaji wake alikuwa binti yangu wa mwisho.

Nikamwita mkuu wa bustani. Akacheka.

"Bibi, hizo za mbwa."

"Mbwa huacha alama za kucha, baba. Hapa kucha ziko wapi?"

Kicheko kikakatika.

"Keshokutwa wakaguzi wanakuja kuamua. Upande huu ukarabatiwe au ufungwe. Ukifungwa, wewe na binti yako mnarudi nyumbani. Kwa hiyo mdomo, bibi. Hata yeye usimwambie."

Nikaufunga.

Saa tano akaleta fundi wa kuchomelea. Jenereta likanguruma mbele ya kizimba. Wakazunguka nyuma, wakaona tundu kwenye wavu, nyuma ya kibanda anamolala chui.

"Mmemwona lakini?" nikauliza.

"Si ulimwona mwenyewe asubuhi? Kizee kile kiende wapi?"

Hakuna aliyeinama kuchungulia. Cheche zikaruka, tundu likazibwa.

Saa kumi binti yangu akaja na ndoo ya nyama. Kawaida aligonga ndoo mara tatu, chui akatoka kibandani.

Akagonga. Kimya.

"Leo kanuna," akasema, akagonga tena.

Majani yakachakarika. Nyuma yetu.

"Mwanangu, usigeuke. Weka ndoo chini. Fungua kizimba."

"Mama, una wazimu?"

"Fungua!"

Akafungua. Tukaingia, tukabana mlango, nikashikilia komeo kwa mikono yote miwili.

Chui waliyemzibia nje akaja taratibu, kama mwenye nyumba. Akala nyama yote. Kisha akaketi, akatutazama.

Ndipo tukasikia mluzi. Mkuu wa bustani anakuja.

"Rudi! Rudi!" tukapiga kelele.

"Nyie wawili mnafanya nini humo?" akauliza, huku akicheka, huku akisogea.

Chui alimrukia. Alipona, ila mkono wake wa kulia hauinuki tena. Upande wetu ukafungwa wiki ileile.

Binti yangu alikaa miezi miwili bila kusema nami. Siku aliposema, alisema hivi: "Mama, ulijua tangu asubuhi."

Nilinyamaza ili asikose kazi. Ikabaki kidogo nimkose yeye.

Ukiona hatari, wajukuu zangu, wa kwanza kuambiwa awe yule anayeiendea.