Kumi na Tisa wa Bondeni

Katika kituo cha utafiti wa misitu alikofanya kazi kwa miaka ishirini na minane, hapakuwa na aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Mama Magamba, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuokota magamba ambayo kifutu wa mitini huyavua na kuyaacha yakining'inia vichakani. Nyoka huyo ni mgumu kuonekana. Mchana kutwa hujiviringisha tawini, rangi yake ya kijani ikimezwa na majani. Giza likiingia hushikilia tawi kwa mkia, akavizia vyura. Hatagi mayai, huzaa watoto walio hai. Basi katika bonde moja lililosalia na msitu, walihesabiwa kwa magamba, si kwa macho.

Kwa miaka sita Mama Magamba aliokota magamba kumi na tisa, kila moja katika kichaka chake, mengine ya shibiri moja, mengine ya shibiri tatu. Fomu ya kituo iliuliza urefu na mahali tu, naye akajaza. Wakubwa wakasoma humo mama, baba na watoto. Kwa ajili ya nyoka hao kumi na tisa bonde lilifungwa, wenye misumeno wasiingie, na sasa kamati ya misitu ilikuwa karibu kuamua kama libaki limefungwa.

Akiwa amebakiza wiki chache astaafu, aliona haya kumwachia mrithi wake rundo la bahasha zilizokunjamana. Akayalowesha magamba kwenye beseni, akayalaza moja moja juu ya kadi, na kwa kuwa hakuwa mtu wa kulipua kazi, akahesabu vigamba vya tumbo. Idadi hiyo nyoka huzaliwa nayo na kufa nayo. Mwili hukua, idadi haiongezeki. Gamba la kwanza lilikuwa na vigamba mia na hamsini na saba. La pili, vilevile. Alipofika la tano akarudi la kwanza, akahesabu upya. Katika yote kumi na tisa, kigamba cha arobaini kilikuwa kimeungana na jirani yake, kama mshono uliokosewa.

Hapakuwa na familia. Palikuwa na jike mmoja, kama mkia wake mfupi ulivyoonyesha, aliyekua peke yake, akihama kichaka hadi kichaka.

Mkuu wa kituo, kijana ambaye Mama Magamba ndiye aliyemfundisha kushika koleo la nyoka, alizitazama kadi, kisha akaenda kufunga mlango.

"Mama, nani mwingine ameona?"

"Wewe."

"Basi shikamoo yangu ya asubuhi naichukua tena, leo hatujaonana," alisema, akajaribu kucheka, ikashindikana. "Katika kamati nzima ile, nani atakaa kuhesabu matumbo ya nyoka?"

"Hakuna."

"Basi tuyafunike. Ukisema mmoja, bonde limekwenda."

"Na wakiamini wako kumi na tisa, mwanangu, nani atamtafutia dume?"

Kijana akazikusanya kadi, akamrudishia.

Barua ya Mama Magamba kwa kamati ilikuwa ya kurasa mbili. Aliomba bonde libaki limefungwa, na dume atafutwe kwingineko. Kamati ilijibu kwa mistari minne: nyoka mmoja si kizazi; akiweza kukamatwa kabla ya ukataji miti kuanza, ahamishwe.

Siku ishirini na mbili alimtafuta, tangu kunapopambazuka, jani kwa jani. Wenzake waliozoea kumtania, "Mama Magamba, wewe utajivua lini?", sasa walimpisha tu njiani.

"Ungenyamaza tu, mama," mkuu alimwambia siku ya kuagana.

"Ningenyamaza, angekuwa bado mmoja."

Binti yake alikuja kumchukua na teksi. Misumeno ilikwisha vuka kijito, na ilibidi wapaze sauti ili wasikilizane.

"Ulimpata?"

"Sikumpata."

"Labda amehama, mama."

Mama Magamba aligeuka, akalitazama bonde, na pande zote za bonde.

"Amehamia wapi?"

Binti akachukua begi, akamfungulia mlango wa gari.