Nilimchagulia Mwanangu Mwalimu Asiye na Mke

Kosa ni langu, si la vita na si la mto. Naanza na hilo kwa sababu miaka mingi nimekuwa nawaambia watu kwamba mwanangu aliharibiwa na vita. Nilidanganya. Mimi ndiye niliyemharibu, na kilichonisukuma ni wivu.

Jina langu naliacha. Majina ya wengine nayakumbuka yote, na Mama Asha amenipa ruhusa nimtaje. Alicheka, akaniita yaya, yaani dada mkubwa, akasema: "Andika, yaya. Andika na kwamba mi nilikuwa muzuri."

Alikuwa mzuri kweli. Ugonjwa wangu ulianzia hapo.

Miaka ile Kisangani ilikuwa mikononi mwa wenye bunduki. Boti hazipandi tena kutoka Kinshasa, chumvi ni ya kutafuta, shule imefungwa. Kazi iliyobaki kwa kijana ilikuwa almasi. Mwanangu wa pekee, Dieudonné, baba yake ameshakufa, akaniambia anataka kuwa plongeur. Ni watu wanaoshuka chini ya mto na mpira wa hewa mdomoni. Mashini inapuliza hewa juu kwenye mtumbwi, na yeye kule chini anachota mchanga gizani. Asiyefundishwa vizuri anapandishwa maiti.

Mtaa wetu wote wa Kabondo ulinitajia mwalimu mmoja: Papa Alimasi, mtu wa Maniema, aliyekaa karibu na mto Tshopo. Karatasi hakuwa nayo, muhuri hakuwa nao, ila vijana wake walikuwa wanarudi wazima. Sharti lake ni kwamba mwanafunzi alale kwake na ale kwake mpaka aive.

Nikampeleka. Jumapili alirudi kunisalimia, nikampikia lituma, ndizi zetu za kuponda, na samaki wa kuchoma, chakula chake cha tangu utoto. Alikula kidogo, akasukuma sahani.

"Mama Asha anapondaga ndizi laini zaidi," akasema.

Huyo Mama Asha ni mke wa Papa Alimasi. Jumapili iliyofuata ikawa Mama Asha hivi, Mama Asha vile. Kisha siku moja likamponyoka "mama" tupu, bila Asha, na hakuwa ananiita mimi.

Jirani yangu Mama Feza, mdomo wake haukujua kupumzika. "Yaya, mutoto yako alienda kujifunza maji, ao kujifunza bibi ya mutu?"

Asubuhi moja nikapanda toleka, baiskeli zetu za kubeba watu, nikaenda kujionea. Nilikuta vijana wamepanga mstari kabla ya kwenda mtoni. Mama Asha amekaa kwenye kiti kifupi, shingo ndefu, kikwembe kipya kiunoni. Kila kijana anapita mbele yake na kuimba. Wimbo wa kanisa, wimbo wa mpira, wowote. Yeye amefumba macho, sikio karibu na mdomo wa mwimbaji.

Mwanangu, ambaye nyumbani haimbi hata Noeli, akamwimbia.

Yule mwanamke akafumbua macho, akamshika mkono. "Weye leo unabaki na mimi."

Wenzake wakashuka mtoni. Yeye akabaki anamenya ndizi naye, wanacheka.

Sikuuliza kwa nini wanaimba. Neno dogo hivyo, na sikuliuliza. Nikamfuata Papa Alimasi kwenye mtumbwi wake.

"Mwanangu atamaliza lini?"

"Siku bibi yangu atasema ameiva."

"Kumbe bibi yako ndiye plongeur?"

"Mi najua maji, mama. Yeye anajua batoto."

Anajua watoto. Na mimi niliyemzaa najua nini? Nilirudi nyumbani nimeamua kumtafutia mwalimu mwingine.

Katikati ya mji, Makiso, kulikuwa na nyumba moja ya wanunuzi wa almasi yenye mwalimu wake, Tonton Gaston, mjomba kwa jina tu, kijana msafi, viatu vinang'aa. Kule walitoa breve, kadi yenye picha na mihuri miwili, na mwanafunzi analala kwao. Mama mwenye akili angeuliza huyu mwalimu amezamia miaka mingapi, na nani anaangalia mashini mtoto akiwa chini. Mimi niliuliza hivi:

"Tonton, uko na bibi?"

Nafikiri alidhani namtafutia mchumba. "Hapana, mama. Naishi peke yangu."

"Bon. Nitakuletea mutoto kesho."

Dieudonné hakutaka. "Mama, sijaiva bado."

"Umeiva."

"Mama Asha hajasema."

Nikamwambia achague, mimi au yule. Alikuwa mtoto mwenye heshima. Akanichagua mimi.

Breve aliipata upesi. Nikaitembeza mpaka kwa Mama Feza, nikaitundika ukutani. Kisha ikaja asubuhi aliyoamka na mafua, sauti imeziba kabisa. Akasema afadhali leo abaki. Neno hilo la kubaki likanichoma mahali palepale.

"Kwa Mama Asha ndiyo kuna kubaki," nikamjibu. "Kwangu kuna kazi."

Nikamsindikiza mwenyewe mpaka ukingoni. Tonton Gaston akamtazama, akanigeukia. "Mama, mutoto iko bien, iko muzima?"

Mwanangu akafungua kinywa. Nikamtangulia. "Iko bien, tonton. Ni vumbi ya njia."

Walipompandisha, damu ilikuwa inamtoka puani na masikioni. Alikuwa anayumba kama mlevi. Nilimshika mabega nikawa namwita jina lake kwa nguvu zangu zote, na yeye ananitazama midomo, anauliza: "Mama, mbona hausemi?"

Dawa haikuwepo hospitali, vita viliimaliza. Masikio yote mawili yakaoza, yakafa.

Wa kwanza kuja alikuwa Mama Asha, na sufuria ya chakula kichwani. Akakaa chini. "Alikuwa na mafua?"

Nikakubali kwa kichwa.

"Kwangu walikuwa wanaimba sababu ya hiyo, yaya. Mutu wa mafua akisema tu, anaweza kukudanganya. Akiimba, pua inamuchongea. Akishuka hivyo, maji yanapasua masikio."

Hakunitukana. Ningependa anitukane.

Leo Dieudonné ni baba wa watoto, anatengeneza baiskeli. Wivu wangu je, umekwisha? Haujakwisha. Kwenye mtumbwi mashini inapiga kelele, watu hawasikiani, kwa hiyo plongeurs wana maneno yao ya mikono. Mama Asha anayajua. Akija, vidole vyake na vya mwanangu vinakimbia, wanacheka mpaka machozi, na mimi nimekaa katikati yao kama mgeni. Ni juzi tu nimemeza kiburi nikamwomba anifundishe. Vidole vyangu vimekakamaa, nakosea, na mwanangu anashika dole gumba langu na kulisogeza mahali pake.

Ninyi mnaotafutia mtoto mwalimu wa kazi ya hatari, ya maji, ya moto, ya pikipiki, msiangalie muhuri na msiangalie mke wake. Muulizeni: ni siku gani utamkataza mwanangu kazi? Mkimpata anayejua jibu, mwachieni mtoto. Na siku akimkataza kweli, wewe mama, nyamaza.